Mhuni ni Nani? Asili ya Neno na Safari Yake

Leo tumependa kusema nanyi habari za neno moja tu. Si neno geni. Hapana mtoto wa shule asiyelijua, wala hapana mzee ambaye hajapata kulitamka kwa hasira. Neno lenyewe ni "mhuni".

Sisi tukaao Kimara, kando ya barabara iendayo Morogoro, twalisikia neno hili kila siku. Kijana akiketi kituoni, na kazi yake haionekani, huitwa mhuni. Mpangaji mgeni akirudi usiku, na majirani hawajamjua jina, huitwa mhuni. Mwanamke akipanga chumba peke yake, asionekane mume wala ndugu, hata yeye hasalimiki. Na mara nyingine neno hutangulia, kisha fimbo zikafuata, kabla mtu hajaulizwa jina lake wala atokako. Basi, ikiwa neno moja laweza kumfikisha mtu pabaya namna hiyo, yatupasa tujue lilitoka wapi, lilikuwa na maana gani hapo kwanza, na ni kwa njia gani likapata makali liliyo nayo.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Katika lugha ya Kiarabu liko shina limaanishalo kuvunja amana, yaani kumgeuka mtu aliyekuamini. Katika shina hilo sisi tumepata neno "haini", naye ni mtu asalitiye nchi yake au bwana wake, na tena neno "hiana". Na kitendo cha "kuhuni", ambacho ndicho kizaacho "mhuni", chafuata umbo lile lile la "kuzuru" na "kutubu", maneno yaliyotoka Kiarabu na kuingia katika kinywa cha Mswahili. Sauti nzito ya koo imelainika ikawa h, kama vile "khabari" ilivyokuwa "habari", na "khatari" ikawa "hatari". Ukiyafuata maneno hayo hatua kwa hatua, utaona ya kuwa haini na mhuni ni kama ndugu wawili wa nyumba moja. Mmoja amewageuka watawala wake. Mwingine amewaacha wazee wake.

Angalieni vema jambo hili, maana ndilo kiini cha maneno yetu. Shina hili halikumtaja mwizi, wala mlevi, wala mpigaji wa watu. Lilimtaja mtu aliyejitenga na watu wake. Ndiyo sababu katika usemi wa pwani kapera naye huweza kuitwa mhuni, hata akiwa mpole na mwenye kazi yake. Kwa maana hajaoa, hana mji wake, hajafungamana na ukoo wa mtu. Na kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939, kazi ya Frederick Johnson na Halmashauri ya Lugha ya Afrika Mashariki, yamweleza mhuni kuwa mtu wa kutangatanga, asiye na mwenendo mwema. Hapo twaona mambo mawili yamekwisha kufungwa katika kamba moja, yaani kutangatanga na ubaya. Lakini kutangatanga ni hali ya mtu, na ubaya ni tendo lake. Ni nani aliyeyafunga pamoja?

Ili kujibu swali hilo, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Katika miji ya pwani ya zamani mtu alijulikana kwa watu wake. Aliyefika mjini aliulizwa, "Wewe ni wa nani?" kabla ya kuulizwa, "Wataka nini?" Kama alikuwa na ukoo, ukoo ulimjibia. Kama alikuwa mtumwa, bwana wake alimjibia. Akikosa kumlipa mtu, walikuwako wa kudaiwa kwa ajili yake. Akifa, walikuwako wa kumzika. Wahenga walisema, "Mwacha asili ni mtumwa," nao hawakusema hivyo kwa dharau tu. Walijua ya kuwa mtu asiye na wa kumjibia alikuwa katika hatari kubwa, maana katika siku zile aliweza kukamatwa na kuuzwa, wala asipatikane wa kumkomboa. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo alihofiwa, na pia alihurumiwa. Na mithali nyingine ilimwekea mgeni njia ya kuingia: "Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe." Maana yake, mgeni hafukuzwi, hupewa kazi, akawa mmoja wetu.

Kisha biashara ya watumwa ikaanza kuvunjwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria katika Unguja na Pemba. Amri ile ilikuwa jambo kubwa la heri. Lakini ndani yake liliwekwa sharti moja, nalo latuhusu sana leo. Mtumwa aliyekwisha kupata uhuru wake alipaswa kuonyesha ya kuwa ana makazi maalum na njia ya kupata riziki. Akishindwa, aliweza kuhesabiwa kuwa mzururaji mbele ya sheria.

Tafakarini, wasikilizaji. Mtu alitolewa katika nchi yake akiwa mtoto, akavushwa bahari, akalima karafuu za mtu mwingine miaka mingi. Siku alipoambiwa, "Sasa u huru," aliulizwa papo hapo, "Kwako ni wapi?" Naye angejibu nini, ikiwa utumwa wenyewe ndio uliomnyang'anya kwao? Wengi walibaki mashambani kwa mabwana wale wale wa zamani, wakafanya kazi kwa mapatano ili wapate mahali pa kukaa. Hapo ndipo twaona sheria kwa mara ya kwanza ikilishika jambo la kukosa makazi na kulifanya shtaka.

Sheria ya namna hiyo haikuzaliwa Afrika. Ililetwa na Waingereza kutoka kwao, ambako ilikuwa na umri wa karne nyingi. Mwaka 1547, katika enzi ya Mfalme Edward wa Sita, ilitungwa sheria ya kwamba mtu mwenye nguvu, asiye na kazi na akataaye kazi, aweza kupigwa chapa ya moto kifuani na kutiwa utumwani muda wa miaka miwili. Sheria hiyo ilikuwa kali mno hata haikudumu. Lakini zilifuata nyingine, na mwaka 1824, vita vya Napoleon vikiwa vimekwisha na maskini wengi wakitembea barabarani, wakiwamo askari waliotoka vitani, ilitungwa sheria ya wazururaji iliyoenea baadaye katika makoloni. Basi maskini wa Uingereza ndiye aliyeonja kwanza, na sisi tukapokea baada yake. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930 iliyachukua maneno yale yale ya Kiingereza juu ya watu wavivu na wazururaji, yakawa sheria ya nchi.

Sasa tuje katika mji wetu wa Dar es Salaam. Mji huu ulianzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Wadachi waliufanya makao makuu ya serikali yao mwaka 1891, na reli ya kati ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Ndipo watu wa bara walipozidi kushuka pwani. Wengine walifuata kazi, wengine walitafuta fedha ya kodi, maana kodi ililipwa kwa fedha, na fedha haikuota shambani. Katika Vita Kuu ya Kwanza walikusanywa wapagazi wa jeshi la Waingereza kutoka pande nyingi, na mahali walipokaa hapa mjini pakaitwa Kariakoo, kutokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Hivyo mtaa maarufu kuliko yote katika mji huu umepata jina lake kwa watu waliotolewa makwao.

Kwa macho ya maofisa wa Kiingereza, Mwafrika mahali pake palikuwa kijijini, chini ya jumbe na wazee. Mjini alihesabiwa kuwa mgeni aliyekuja kwa kazi, na kazi ikiisha arudi. Kwa hiyo aliyebaki mjini bila kazi ya mshahara alionekana kuwa ameponyoka mkononi mwa wazee wake, wala hajaingia mkononi mwa mwajiri. Maofisa walitafuta jina la kumwita mtu huyo, wakalikuta limekwisha kuwako katika Kiswahili. Neno "wahuni" likaingia katika barua na taarifa za serikali, likaandikwa vivyo hivyo katikati ya Kiingereza. Na baadhi ya wazee wa mji na watu wenye kazi za ofisini walilitumia pamoja nao, kwa kuwa hawakupenda kuhesabiwa katika kundi moja na vijana waliofika jana.

Ilikuwako sheria ya mwaka 1923 juu ya mafukara. Lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili mambo yalizidi kuwa mazito. Watu waliongezeka mjini, chakula kikapungua, kikagawiwa kwa kipimo. Serikali ikawaona wasio na kazi kuwa ni midomo ya kulishwa bure. Mwaka 1944 ilitungwa sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika wasiotakiwa. Kwa sheria hiyo, mtu asiyeweza kuonyesha kazi au njia njema ya riziki aliweza kuamriwa atoke mjini arudi kwao. Askari walizunguka mitaani, wakawasaka watu, wakawauliza vyeti vya kodi na habari za kazi zao. Waliokosa jibu la kuridhisha wakapelekwa.

Nani waliokamatwa? Bila shaka walikuwamo wezi, maana hapana mji usio na wezi. Lakini tuufikirie mfano wa kibarua wa bandari. Kazi yake ilifuata meli. Meli ikitia nanga, alipakia katani na pamba usiku na mchana. Meli ikiondoka, hakuwa na kazi, akakaa barazani akiingojea nyingine. Ukimpita siku ya kwanza utasema, "Tazama mtu wa bidii." Ukimpita siku ya nne utasema, "Tazama mhuni." Naye ni mtu yule yule. Vibarua hao ndio waliogoma bandarini katika miaka ya 1939, 1943 na 1947, na mgomo wa 1947 ulienea kupita bandari ukafika hata bara. Hapo ilijulikana ya kuwa watu wasio na kazi ya kudumu ndio walioushikilia mzigo wa nchi nzima mabegani.

Na je, kuwaondoa kulifaa? Twaweza kujibu kwa hesabu. Waliosafirishwa wengi walirudi, maana lililowaleta mjini, yaani uhaba wa fedha vijijini, halikuondolewa. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilionyesha ya kuwa Dar es Salaam ina watu 69,227. Ile ya mwaka 1957 ilionyesha watu 128,742. Katika miaka tisa ya kuwafukuza wahuni, mji ulikaribia kuongezeka mara mbili.

Mtu aweza kudhani ya kuwa mambo hayo yalikwisha bendera ya Uhuru ilipopandishwa mwaka 1961. Hayakwisha. Serikali ya wananchi nayo iliona haya kuwa na vijana wasio na kazi mjini, na mashamba yakingoja mikono. Nia yake ilikuwa nyingine, maana ilitaka kila mtu ale jasho lake, pasiwe na mnyonyaji wala kupe. Hata hivyo, njia iliyotumiwa ilifanana na ile ya zamani. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi. Watu wakaulizwa vitambulisho vya kazi barabarani. Wachuuzi, mafundi wadogo na akina mama wauzao vitumbua wakajikuta wamewekwa pamoja na wazururaji, na wengine wakapakiwa katika magari wakapelekwa vijijini. Wengi wao nao walirudi, kama waliowatangulia. Watu hao hawakuwa wavivu. Katika miaka ile ya uhaba, mshahara wa mwezi haukutosha kulisha nyumba, na vitumbua na samani za uani ndivyo vilivyolisha familia nyingi za mji.

Hatimaye shauri hili lilifika barazani. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo ina makao yake Arusha, katika nchi yetu wenyewe, iliombwa maoni na Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Tarehe 4 Desemba 2020 ilitoa maoni yake, ya kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na ya kwamba yazipasa nchi kuzirekebisha au kuzifuta. Mahakama ilionyesha ya kuwa sheria hizo humwadhibu mtu kwa hali yake, si kwa tendo lake, nazo huwaangukia maskini na wasio na mtetezi. Ndiyo kamba ile ile tuliyoitaja mwanzo, iliyofunga kutangatanga na ubaya pamoja. Majaji wamesema ifunguliwe.

Lakini sheria ikifunguliwa, je, na vinywa vyetu? Hapa tusiwalaumu wageni peke yao. Wao waliliandika neno katika taarifa. Sisi tunalitamka sokoni. Na tukilipima kwa maana yake ya kwanza, yaani mtu aliye mbali na watu wake, basi ni nani kati yetu atakayesalimika? Kimara hii tukaayo, kadiri ya kilomita 15 kutoka katikati ya mji, zamani ilikuwa mashamba, nje ya mipaka ya mji. Leo imejaa nyumba, na katika safu moja ya vyumba utamkuta Mchaga, Mhaya, Mzaramo, Msukuma na Mmakonde. Wachache sana kati yetu wanaweza kuonyesha hapa kaburi la babu. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Ikiwa kila aliyeacha kwao ni mhuni, basi huu ni mji wa wahuni.

Wazee wetu wa mjini waliliona jambo hili mapema, nao walilitafutia dawa iliyo bora kuliko lori la kuwarudisha watu. Waliunda vyama vya watu wa nchi moja, wakachanga senti zao ili mgonjwa atazamwe, na maiti isikose sanda. Utani nao ulifanya kazi hiyo hiyo. Mnyamwezi aliyefiwa mbali na Tabora aliweza kusaidiwa mazishini na mtani wake Mzaramo, ambaye si ndugu yake kwa damu. Hivyo mtu asiye na kwao alipewa watu. Akipata wa kumjibia, neno "mhuni" halimkai tena, hata kama mfuko wake ni mtupu.

Nasi hapa Kimara tuliona mfano karibu. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro zilivunjwa ili barabara ipanuliwe. Watu waliolala jana katika nyumba zao, leo walisimama na vyombo vyao juani, hawana makazi maalum. Kwa maandishi ya sheria za kale wangeweza kuitwa wazururaji. Lakini hapana aliyewaita wahuni. Kwa nini? Kwa sababu tuliwajua majina. Tulikuwa tumenunua kwao mkate na mafuta ya taa, watoto wao walisoma pamoja na wetu. Basi yule kijana wa kituoni amezidiwa na hao kwa jambo moja tu: hatujamwuliza jina.

Hatusemi ya kuwa pasiwe na ulinzi mtaani, wala ya kuwa mwizi asishikwe. Mwizi na aitwe mwizi, apelekwe penye haki, na ushahidi utolewe. Mlevi na aitwe mlevi. Matendo yana majina yake, nayo yatosha. Lakini "mhuni" si jina la tendo; ni jina la mtu ambaye hatukumwona akitenda neno lolote, ila tumemwona hana watu. Na siku hizi vijana wenyewe wamelitwaa, wakawa wanaitana "wahuni" kwa mzaha na mapenzi, kana kwamba wanasema, "Ikiwa ninyi mwatukataa, sisi tumekubaliana."

Basi, enyi wanafunzi, nanyi wazee wetu, mkimwona mgeni katika mtaa wenu, mrudishieni swali lile la kale la pwani: "Wewe ni wa nani?" Ila ulizeni kama walivyouliza wenye mithali ya jembe, kwa nia ya kumpatia mahali, wala si kwa nia ya kumfukuza. Na akijibu ya kuwa hana mtu hapa, jueni ya kuwa hata wengi wetu tulijibu hivyo siku ya kwanza.

Maneno yetu ya leo yaishie hapa. Kwa herini.